Intaneti ya Kaloki Ilipokatika

Kaloki hakutosheka kunifukuza kwenye saiba yake, duka la kukodisha intaneti, ili ampe binamu yake kazi. Alizunguka sokoni Machakos akiwaambia watu kwamba mimi, Kamene, nimemuulia intaneti kwa kisasi. Uongo mtupu, na ulinichoma, maana Bwana Sharifu, aliyekuwa akifungua saiba mpya ng'ambo ya barabara, alikuwa ameniahidi kazi. Sasa akaniambia hawezi kumwachia mashine zake mtu mwenye sifa kama hiyo.

Ukweli ni huu. Kaloki mwenyewe ndiye aliyeniagiza niandike namba za laini mpya ya intaneti kwenye faili la mipangilio ya mtandao, katika ile mashine ya Linux iliyogawia kompyuta zote intaneti. Laini yenyewe ilikuwa haijaletwa. Nikaandika, lakini sikuwasha mtandao upya, kwa hiyo mashine iliendelea kutumia namba za zamani bila shida. Siku aliyonifukuza nilimwonya kwamba mashine ikizimika itaamka na namba mpya, na intaneti itakatika. Wapi! Alikuwa akinionyesha mlango tu. Kisha stima ikapotea, ikarudi, na ikawa vile vile nilivyosema.

Nikamwomba Bwana Sharifu twende akajionee. Tulimkuta Kaloki amenuna, kompyuta zimekaa bure, na binamu yake ameshika waya kama aliyeshika mkia wa nyoka. Wateja wachache walikuwa bado wanasubiri. Kaloki aliniita hasidi, akasema nisiguse kitu chake. Nilimjibu kwamba sikuja kwa ajili yake. Namchukia na simfichi. Nilitaka jambo moja tu: nikitengeneza, awaambie watu hawa kwamba ni yeye aliyeagiza zile namba ziandikwe. Akaitikia shingo upande.

Nikakaa. Nikafungua faili, nikafuta namba mpya, nikarudisha za zamani nilizozijua kwa kichwa, nikahifadhi. Safari hii sikuishia hapo, nikaiamuru mashine iwashe mtandao upya. Punde barua pepe za wateja zikaanza kufunguka, mmoja akapiga makofi. Nilimgeukia Kaloki, nikangoja atimize neno lake.

Alitabasamu, mshenzi yule.

"Si mmejionea wenyewe?" akawaambia wateja. "Mwenye alifunga ndiye amefungua."

Damu ilinipanda kichwani. Nikamtazama Bwana Sharifu, nikitumaini atanitetea, kwa kuwa kila kitu nilikuwa nimemweleza tangu mwanzo. Yeye alikuwa akitazama mikono yangu, ambayo bado ilikuwa juu ya kibodi.

"Umefanya haraka sana, Kamene," akasema polepole.

Kisha akatoka, na hakuningoja tuvuke naye barabara.