Wale Wanaoitikia Amina

Jumatano, tarehe nane Mei. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na baridi ya kupenya mifupa, na dirisha la wodi lilijaa ukungu hata ua wa hospitali haukuonekana.

Mama alikuwa ameegemea mto, simu mkononi. Aliniita Mwanafunzi Mwenye Mvi, utani wake wa siku hizi, akaniuliza kama mwalimu ameshanipa alama. Nikasema bado. Nilikuwa nimeshapewa jana.

Mchana nashona sare za shule, jioni nasoma. Mwalimu alipotutaka tuchunguze jamii moja ya mtandaoni, nilichagua kundi la maombi ambalo Mama alijiunga nalo baada ya figo zake kushindwa kazi. Kila alipoandika maumivu yake, majibu yalimiminika: "Amina, mama, pokea uponyaji." Waliomjibu aliwajua kwa picha zao tu. Mwenye miwani ndiye mpole, mwenye kilemba ana haraka. Madaktari walipoacha kutaja kupona, ni hao waliomfanya anywe uji.

Niliwaandikia wanakundi wote faraghani, nikajitambulisha, nikawauliza wanapoomba hukaa wapi nyumbani. Nilitaka kuandika juu ya vyumba vya watu, viti vyao, mikeka yao. Wagonjwa walinijibu: mmoja huombea kitandani, mwingine jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto. Lakini wale wanaoitikia walinijibu papo hapo, wote kwa maneno yaleyale: "Amina, mama, pokea uponyaji."

Nilimpelekea mwalimu nikidhani nimekosea kuuliza. Alisoma, kisha akanieleza taratibu kwamba hao si watu. Ni programu ya kompyuta iliyotegeshwa na mtu ijibu yenyewe, picha zikaokotwa huku na huku. Watu wa kweli mle ni wanaoomba kuombewa tu. Akasema kazi yangu ni nzuri sana. Laiti angesema nimefeli.

Usiku nilipiga magoti kando ya cherehani, vipande vya kitambaa vikanishika magotini. Nilisema, Baba wa mbinguni, na wewe je? Sikuthubutu kuendelea.

Leo kaka yangu, fundi bomba, alipofika, nilitoka nikamweleza mlangoni mwa wodi. Alitazama viatu vyake vyenye matope, akasema nikimwambia Mama leo, hata uji ataukataa. Tukaingia. Muuguzi alikuwa akibadilisha dripu.

Mama alimtania kaka kwamba huomba kama anayezibua bomba, akikwama anagonga. Kisha akaacha kucheka.

"Mwanangu, mimi najua ninakokwenda," aliniambia. "Nikiondoka, usiwaache wale watu wakiningoja. Waandikie mmoja mmoja. Yule mwenye miwani mwambie sikuwahi kuchoka kumsoma. Niahidi hapa, hawa wasikie."

Simu ikalia mkononi mwake, mara nyingi mfululizo. Alikuwa amewaandikia kwamba binti yake amefika. Alinionyesha majibu, uso wake uking'aa. Nilimtazama kaka, akageukia dirisha. Muuguzi alisimama na chupa tupu mkononi, akingoja jibu langu kama Mama. Nilitafuta sala moyoni, sikupata hata neno la kuanzia.

Nikaushika mkono wake mkavu.

"Nakuahidi, Mama, mbele ya kaka na mbele ya dada muuguzi. Nitawaandikia wote. Nitawaambia walikuwa watu wema."