Mtoto Aliyezoea Mashine

Mume wa Araba alipofariki, alimwachia mashine ya kusaga mahindi pale Mankessim, Ghana, na mimba ya miezi saba. Kuukua alipozaliwa na kutimiza miezi miwili, mama alimfunga mgongoni kwa mbeleko akarudi kazini. Angefanyaje? Tumbo halina likizo.

Siku za kwanza mashine ikiwashwa mtoto alishtuka, akalia mpaka sauti ikamkauka. Baadaye akaacha. Akawa analala fofofo, mkanda wa mashine ukizunguka hatua moja tu kutoka kisogoni kwake.

Wanawake wapika kenke, yale madonge ya mahindi yaliyochachushwa, waliokuwa wakileta mahindi yao yaliyolowekwa kila asubuhi, walicheka.

"Huyu hukumzaa, ulimsaga!" alisema Esi, mteja wake wa siku zote. "Hata radi ipige, haamki."

"Wako ni wa mayai, wangu wa chuma," Araba akamjibu kwa fahari.

Jamani, fahari ile!

Kuukua akafika miaka miwili, akiitwa haitiki. Araba akasema ni ukaidi wa ukoo wa babake. Akamfinya, akamchapa kwa mwiko. Mtoto alilia huku akimkodolea mama macho mdomoni, kana kwamba kosa lake limeandikwa pale.

Siku moja mkanda ukakatika, banda likawa kimya. Kuukua alikuwa amechuchumaa akichezea pumba, amewapa watu mgongo. Esi akateleza, beseni lake la bati likaanguka sakafuni. Kuku walitimka, wanawake wakaruka. Kuukua hakugeuka.

Araba aliliokota lile beseni akalipiga kwa jiwe nyuma ya kichwa cha mwanawe. Akapiga tena, na tena.

"Kuukua! We Kuukua!"

"Acha, dada," Esi alimshika mkono. "Acha. Tumeshaona."

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Alizaliwa hivi?"

"Hapana. Alikuwa anashtuka sana mashine ikiwaka. Kisha akazoea."

"Hakuzoea, mama. Kelele zilikuwa zinamuua masikio, kidogo kidogo."

"Dawa yake?"

Muuguzi aliinamia karatasi zake. "Ya kuyarudisha hakuna. Mtafutie mapema shule ya viziwi, ajifunze kusema kwa mikono."

Njia nzima ya kurudi Araba alikuwa akiukumbuka ule mwiko.

Mkanda mpya ulipofungwa, Kuukua alibaki kwa bibi yake. Wiki ile ile akaja Ewusiwa, binti aliyejifungua juzijuzi, kichanga mgongoni, kimelala katikati ya mngurumo. Araba akazima mashine.

"Mtoe mtoto nje kwanza."

"Mbona ameshazoea, Mama Kuukua? Mtazame, hata nyumbani halali hivi."

"Hajazoea! Mtoe, nakuomba!"

Foleni ikaanza kunung'unika. "We Araba, mahindi yetu yataoza! Msiba wako usitulaze njaa!"

"Nimwache na nani?" Ewusiwa akasema, machozi yakimlengalenga. Akajitwika beseni lake, akavuka barabara kwenda kwenye mashine ya pili, kichwa cha mtoto kikiyumba mgongoni.

Araba alisimama mlangoni. Akaisikia mashine ile ikikohoa, ikiwaka, ikipandisha mngurumo. Alitega sikio asikie japo kilio cha mtoto. Hakusikia kilio.