Mwezi Mmoja Upande wa Kushoto

Oloo, ndugu yangu wa mwisho, alipelekwa Australia kwa sababu moja tu: alijifunza kuendesha gari Kisumu, ambako tunapita kushoto. Tajiri wetu wa Umm Salal, nje kidogo ya Doha, tuliyemwita Baba, alisikia kwamba huko nako wanapita kushoto, akaogopa. Maisha yake yote ameendesha kulia. Kwa hiyo Agosti ya 2014, baada ya Idi, alimchukua mkewe, watoto wawili na dereva, akaniacha mimi nimtunze mama yake mzee.

Mimi ndiye niliyemleta Oloo katika nyumba ile. Madam, mke wa Baba, alikuwa akitafuta dereva, nikamwambia ninaye ndugu, hanywi, hana maneno. Doha ukimleta mtu wako namna hiyo, unakuwa mdhamini wake hata kama hujatia sahihi popote. Akikwaruza gari, wanakutazama wewe. Siku ya safari Madam alinikuta nikipiga pasi, akaniambia kwa upole kwamba Oloo akirudi salama, Septemba nitapewa kibali cha kutoka nchini nikamwone mama yangu. Nilikuwa na miaka minne sijafika nyumbani. Mama alikuwa amekatwa mguu kwa ajili ya sukari, na bila kibali cha tajiri ningerudishwa pale pale uwanja wa ndege. Nilielewa alichosema Madam, na nilielewa alichoacha kusema.

Safari yenyewe haikuwa na haraka. Baba alikuwa amechoshwa na maghorofa ya West Bay, alitaka kuona mashamba. Walitua Sydney, wakakodi gari la watu wanane, wakavuka milima hadi Mudgee, kisha Gulgong, Dubbo na Parkes. Kwa siku mji mmoja, au miwili. Oloo alinitumia sauti kwa simu, nami nikazisikiliza jikoni bibi akiwa amelala.

Alisema miji ile yote kama imezaliwa na mama mmoja. Barabara moja pana mno, maduka yenye vibaraza vya mabati, benki iliyofungwa, duka la mikate, na sanamu ya askari ameinamisha kichwa. Chini ya askari yameandikwa majina ya vijana wa mji waliokufa vitani. Oloo aliyasoma yote, kila mji. Kati ya mji na mji, alisema, ni kondoo na maghala ya ngano tu, na dereva mkipishana anakuinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Mwanzoni alidhani wanamwonya kuna polisi mbele. Alipojua ni salamu, alianza kuwaanza yeye.

Nyama hawakuila, maana hawakuwa na hakika nani ameichinja. Oloo alikuwa akizunguka nyuma ya duka la mikate na kula sambusa zao za duara, za nyama, amesimama. "Mkubwa," aliniambia, kwani ndivyo alivyonitania siku zote, "hawa wako siku ya tisa wanakula mayai. Tukifika mwisho wa mwezi watataga." Dubbo walilipa kiingilio kuwaona twiga, na Baba akamtaka Oloo awaeleze watoto habari za twiga kana kwamba ni mjomba wake. Akasema yeye ni mtu wa Ahero, kwao kuna mpunga na mbu.

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Ijumaa ya tatu walipita mji mmoja mbele ya Cowra ambao una msikiti. Familia yote iliingia kuswali. Oloo alibaki kwenye gari, na pasi za kusafiria zote tano zilikuwa ndani ya kidroo cha mbele, kwa kuwa Baba alichoka kuzibeba. Pale nje kijana mmoja Msudani alimsalimia kwa Kiswahili. Alikuwa amekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwetu, sasa anafanya kazi kwenye machinjio ya mji. Alimwambia wanatafuta watu, kuna kitanda nyumbani kwake, na kuna wakili anayewasaidia wageni kuomba kubaki. Akamwonyesha nyumba, ng'ambo tu ya barabara.

Doha ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nikimchujia bibi chai simu ilipoita. Alinieleza yote kwa haraka, bila mzaha hata mmoja.

"Dada, swala inaisha sasa hivi. Nikae ama nirudi?"

Sikumuuliza lolote juu ya kijana yule wala nyumba ile. Niliona kibali changu, nikaona Madam akinitazama.

"Rudi," nilimwambia. "Mama ananingoja mimi."

Nilisikia ndege wakipiga kelele upande wake. Kisha akasema, "Sawa, mkubwa," akakata. Zilibaki siku nane za safari, na hakunitumia sauti nyingine.

Septemba Madam alikuwa mjamzito, akaomba nisubiri. Baada ya kujifungua akasema mtoto amenizoea. Oloo hakunilaumu hata mara moja. Alinipeleka sokoni, akaninunulia maji, akaongea habari za foleni. Heri angenitukana.

Juni mwaka uliofuata, Ramadhani, alimpeleka Madam kwa dada yake Al Thumama. Yule dada hakupenda gari lingurume mbele ya lango lake, kwa hiyo Oloo alizima injini, na kiyoyozi kikazimika nayo. Alikaa ndani, katika joto lile la Juni, tangu adhuhuri hadi alasiri. Askari wa nyumba jirani, Mganda, ndiye aliyeona kichwa kimelala kwenye usukani. Karatasi iliandika moyo ulisimama, kifo cha kawaida. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Kibali changu kilitoka kwa siku moja. Madam alilia, akanipa tende nimpelekee mama. Nilisafiri nimeketi juu, naye Oloo yuko chini na mizigo.

Ahero, kwenye mazishi, mchungaji alimsifu sana. Alisema huyu ni kijana aliyefika hadi Australia, nchi ambayo wengi wakiikanyaga hawarudi, lakini yeye alirudi kwa tajiri wake kwa hiari, kwa uaminifu. Watu wakaitika Amina. Wanawake wawili wa kanisa waligeuka wakanitikisia kichwa kwa heshima, kwa kuwa ni mimi niliyemlea.

Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando yangu. Alinivuta mkono hadi sikio langu likafika mdomoni kwake.

"Kwa nini hakukaa huko?" aliuliza.

Nikamwambia Oloo alishindwa na baridi.