Kifungu cha Kumi na Tisa Ndani ya Ndoo

Hili hutaliamini, lakini lilitokea, tena saa kumi jioni, watu wazima wanaangalia.

Mfagiaji wa ukumbi wa Kamati ya Katiba alikuwa anaingia kazini wajumbe wakiinuka. Viti ishirini na kimoja, majivu ya sigara, na chini ya meza yale maneno yaliyokatwa. Kila mjumbe alikuwa na kalamu nyekundu. Neno likipigwa mstari lilibanduka kwenye karatasi na kudondoka sakafuni, jeusi, gumu kama msumari. Siku nyingi zilikuwa ni "lakini" na "pia" tupu. Aliyazoa, akayamwaga jalalani.

Nchi ilikuwa na miaka sita. Serikali yake ya kwanza ilikwenda kwa amri: Mkuu anaamka, redio inasoma, basi. Kaka yake mfagiaji, fundi redio, alikuwa ndani mwaka wa nne kwa sababu alipunguza sauti amri ikisomwa, ili amsikie mteja. Hajawahi kumwona hakimu hata kwa mbali. Sasa watu walikuwa wamenung'unika mpaka Mkuu mwenyewe akasema haya, tuandike katiba kama nchi za wenzetu. Ndipo Kamati ikakaa.

Jumanne kikadondoka kifungu kizima, cha kumi na tisa: *Hakuna mtu atakayewekwa ndani zaidi ya siku mbili bila kufikishwa mahakamani.* Kilijaza nusu ndoo. Jalala lilikuwa limefurika, hivyo akaenda nacho nyumbani, akakiweka nyuma ya mlango, kwenye chumba anachokaa na mama yake.

Alhamisi, saa kumi, kaka yake alikuwa amekaa humo chumbani kwenye kigoda, peku, na nguo za gereza.

"Mama, chai ipo?"

"Ipo. Nawa mikono kwanza."

Akanawa. Akanywa vikombe vitatu, akataka kwenda choo cha uani. Mguu wa kulia ulipovuka kizingiti ukatua kwenye sementi baridi ya selo, na akamsikia askari akiuliza, "Huu mguu wa nani?" Akaurudisha haraka. Wakaelewa kwamba kifungu kina nguvu, ila kinaishia mlangoni. Mama akamtafutia ndoo nyingine.

Majirani wakaanza kumpitishia redio dirishani. Alizitengeneza, huku anazunguka chumba hatua nne kwenda, nne kurudi, mpaka mkeka ukachanika.

Wiki iliyofuata akaja karani wa Kamati, shati limelowa jasho.

"Dada, kumi na nane, halafu ishirini. Mchapishaji anauliza cha katikati kiko wapi."

"Si mlikikata wenyewe?"

"Mwenyekiti anaogopa wageni wa nje watahesabu. Kilete Jumamosi asubuhi. Ila ataongeza maneno sita mwishoni."

"Yapi?"

"Isipokuwa Mkuu wa Nchi akiona vingine."

Karani alipoondoka, mama akakaa mbele ya ndoo. "Haitoki humu. Miaka minne nalala jicho moja."

"Mama, kule tuko mia nne na kumi na wawili," kaka akasema. "Wenzangu mama zao hawana ndoo."

"Na hayo maneno sita?"

"Bora kiwe kitabuni na kilema chake. Humu ndani kinanifaa mimi tu."

"Wewe hata shuleni ulikuwa hivi hivi. Unagawa chakula, halafu unarudi kwangu na njaa."

Ijumaa nzima mfagiaji aliibeba ndoo mpaka mlangoni na kuirudisha, mara kumi na moja, maneno yanagongana ndani. Jumamosi aliibeba mara ya kumi na mbili, akavuka. Nyuma yake akasikia bisibisi ikianguka. Hakugeuka.

Katiba ikachapishwa, kila nyumba nakala moja bure. Mizinga ishirini na mmoja ikapigwa. Mkuu akaapishwa kuwa Mkuu wa kikatiba, suti ile ile, na redio ikasoma kiapo chake kwa sauti ile ile ya amri. Gerezani hakutoka mtu.

Mama akakiweka kitabu juu ya kigoda, akakifunua kwenye kumi na tisa. Saa kumi ukaja mguu. Wa kulia, kuanzia goti kushuka, peku, wa baridi. Mama akausugua kwa kitambaa cha moto, akauvalisha soksi. Baada ya robo saa ukaondoka.

Unakuja kila siku. Nyumba nyingine nazo zinapata, nyingine wa kushoto. Soksi zimeadimika mjini.

Mfagiaji bado anafagia ukumbi ule, ambao sasa ni Bunge. Kila jioni anainama chini ya meza kutafuta yale maneno sita, kama kuna aliyeyakata. Mpaka leo hajayaona.

Sasa niambie wewe. Jumamosi ile, ndoo mkononi, kaka yako kwenye kigoda, ungevuka mlango?