Kastoma Hakosei

Kanda ilifika Migori ndani ya soksi. Aliyeileta ni jirani aliyekuja likizo kutoka Amerika, na aliyetumiwa ni Mong'ina, mwenye hoteli ndogo ya chai na chapati karibu na steji ya magari. Kwa kuwa hakuwa na redio ya kaseti, Mong'ina aliibeba kanda hiyo mpaka duka la jirani yake Abdisalam, muuza vitambaa, wakaisikiliza pamoja huku wanunuzi wa vitambaa wakiambiwa wasubiri.

Sauti ilikuwa ya Nyanchama, mdogo wake, ambaye Mong'ina alimbeba sana mgongoni hata watu wakadhani ni wake wa kuzaa. Alikuwa amepata kazi katika mkahawa wa kampuni kubwa, ile ambayo ukitoka kwenye mkahawa wake mmoja unakutana na mwingine wa jina lilelile mtaa wa pili. Kule, alisema, mtu hulipa kabla hajaonja, huulizwa jina, na kahawa ikiwa tayari huitwa kwa jina hilo na kuongezewa tabasamu. Mong'ina alicheka mpaka akashika mbavu. Mama yao, Msabato wa kweli, alichuma kahawa kule Kisii maisha yake yote bila kuitia mdomoni, na sasa binti yake anawachekea Wazungu kwa ajili ya kahawa hiyohiyo.

Kisha sauti ikabadilika. Mwanamke mmoja alikunywa kahawa yake karibu yote, akairudisha akidai ni mbaya. Nyanchama alipomuuliza kwa upole mbona ameimaliza, mwanamke akapiga kelele kwamba ametukanwa. Bosi alikuwa hapohapo na aliona yote.

"Akaniambia kastoma hakosei, muombe msamaha. Nikaomba, dada. Mbele ya laini yote ya watu, na nikasmile. Hiyo ndiyo inaniuma, vile nilismile. Ungekuwa huku ungeinuka na mwiko, najua. Nikirudi tutafungua yetu, mimi na wewe, na hakuna mtu atatuaibisha hivyo tena."

Mong'ina aliinuka kweli, mikono mitupu, kana kwamba yule bosi alikuwa amejificha nyuma ya majora ya vitambaa. Abdisalam akamwambia, "Kaa chini mama, Amerika ni mbali." Alikaa, akalia, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kungoja.

Mwaka wa tisini na nane Nyanchama akarudi, na kweli hakusahau ahadi. Alitaka Homa Bay, si Migori, kwa sababu Homa Bay kulikuwa na maofisa wa miradi, watu wa magari makubwa na makoti yenye mifuko mingi. Mong'ina hakubishana naye. Alimrudishia mwenye nyumba ufunguo wa hoteli yake, akagawa masufuria, akawaaga wateja aliowajua kwa magonjwa yao na majina ya wajukuu wao. Walimwambia afikirie tena. Aliwajibu kwamba damu ni nzito kuliko maji, akapanda gari.

Mkahawa ulikuwa mzuri, tusiseme uongo. Kaunta ndefu, viti virefu vya kuning'iniza miguu, na ukutani maandishi makubwa: USIPORIDHIKA TUTAKUTENGENEZEA KINGINE BURE. Ila watu wa Homa Bay walihangaika na lile suala la majina. Anayeliita jina lako kwa sauti mbele ya watu, ama ni polisi ama ameleta habari za msiba. Wengine walidanganya. Mchuuzi mmoja wa samaki kutoka Mfangano alijiita Mheshimiwa, na kila asubuhi alikaa pembeni kabisa ili Mheshimiwa aitwe kwa nguvu.

Mong'ina alijifunza vyote. Alijifunza kutouliza mgonjwa wa mtu anaendeleaje, maana Nyanchama alisema wateja hawapendi kuchunguzwa. Alijifunza kutoketi na mgeni aliyekuja peke yake. Alijifunza kutabasamu hata jino likimuuma. Haya yote yalimkwaza kama kiatu cha kuazima, lakini aliyavumilia kwa raha, kwa sababu lile neno la kwenye kanda lilikuwa limetimia: mimi na wewe.

Sasa kulikuwa na mteja mmoja, Elijah. Alikuwa ofisa wa mradi wa visima, mkoba wake haumtoki mkononi, na maandishi ya ukutani aliyaelewa kuliko walioyaandika. Kila siku alikunywa kahawa yake taratibu akisoma gazeti, na ikibaki ya kulowesha ulimi aliirudisha. Leo ni baridi, kesho ni nyepesi, keshokutwa ina harufu. Akapewa nyingine bure, akainywa yote, akapangusa mdomo na kwenda zake. Mong'ina alimwona siku ya kwanza. Aliendelea kumwona, akanyamaza, maana mkahawa una sheria zake.

Jumatatu moja, watu wakiwa wengi, Elijah aligonga kikombe kwenye kaunta.

"Mama, hii kahawa yenu iko baridi."

Mong'ina akakichukua. Kilikuwa bado na joto viganjani mwake, na ndani mlikuwa na kama kijiko kimoja tu. Akasema polepole, kwa heshima, kama ambavyo angemwambia shemeji mtundu, "Pole baba. Na ile umemaliza, hiyo pia ilikuwa baridi?"

Mheshimiwa wa Mfangano ndiye aliyeanza kucheka. Mkahawa mzima ukamfuata. Elijah akasimama, shingo imevimba. "Huyu mama ameniita mwizi! Mimi, mbele ya watu! Mwenye hapa ako wapi?"

Mwenye hapa alikuwa hatua chache tu, akipanga mandazi kwenye sahani, na alikuwa amesikia kila neno. Mong'ina hakuogopa hata kidogo. Alimgeukia mdogo wake akiwa na amani kabisa, akingoja aseme. Hata alimwonea huruma Elijah kidogo, kwa yatakayompata.

Nyanchama alinyoosha aproni yake. Tabasamu likaja usoni.

"Tunaomba radhi sana, Bwana Elijah. Mhudumu wetu bado anajifunza." Kisha, bila kumwita dada, "Mong'ina, kastoma hakosei. Muombe msamaha."

Mhudumu wetu. Mong'ina alilisikia neno hilo vizuri. Nyuso zote zilikuwa zinamtazama. Aliomba msamaha. Na kwa vile alikuwa amefundishwa vizuri, alitabasamu.

Wateja walipopungua Nyanchama alimfuata jikoni. "Ni kazi tu dada, usiweke kwa roho. Huyo mtu analeta ofisi yote hapa."

"Kanda umesahau?"

Nyanchama alifikiri kidogo kabla ya kujibu, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwamba alifikiri. "Sijasahau. Lakini kule nilikuwa mfanyakazi. Siku hizi hata huyo bosi namuelewa."

Mong'ina alivua aproni, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya gunia la sukari. Miaka yote ile alikuwa amemchukia bosi wa Amerika asiyemjua, na kumbe bosi wa namna hiyo alimlea mwenyewe mgongoni.

Aliporudi Migori alikuta hoteli yake imeshageuzwa duka la kinyozi. Abdisalam alimpa veranda ya duka lake auzie chai, akamwambia kikulacho ki nguoni mwako, halafu akaona neno limekuwa kali, akaomba chai. Wateja walirudi mmoja mmoja na magonjwa yao.

Siku moja ya soko Nyanchama akatokea, amebeba leso mpya mbili kwenye mfuko. Aliketi kwenye benchi na kuinamisha kichwa, akingoja. Kwao hasira ya mkubwa ina njia yake: atakutukana, atakukumbusha alivyokufuta kamasi, na akimaliza utapakuliwa chakula. Alikuja kutukanwa. Alikuwa tayari hata kwa mwiko.

Mong'ina alifuta mikono, akaja mpaka mbele yake, akasimama wima. Akatabasamu lile tabasamu la kaunta, halijapungua hata kidogo.

"Karibu sana. Tukuite nani?"

"Dada, tafadhali. Nitukane basi."

"Tukuite nani?"

Machozi yakamjaa mdogo mtu. Mwishowe alilitaja jina lake kwa sauti ya chini, jina ambalo Mong'ina ndiye aliyemfundisha kulitamka.

Mong'ina akarudi kwenye jiko lake. Moyo ulimuuma sana, akachochea makaa. Chai ilipokuwa tayari aliimimina, akaiweka ukingoni mwa veranda, akaliita jina hilo kwa nguvu, mara moja, kama la mtu yeyote.