Fatiha za Kumuaga Swafwan

Mwanamkisi alikuwa akigeuza mahamri ya karai la tatu aliposikia pikipiki ikizimwa nje ya ua. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Alijua ni Mwalimu Cherotich, kwa sababu hakuna mtu mwingine Siyu aliyekuja mapema kuliko alivyoahidi.

"Mama Swafwan, ako tayari?"

"Tangu alfajiri. Mkoba u pale mlangoni. Karibu, Mwalimu, onja moja."

"Nitakula njiani. Boti inatoka Mtangawanda saa tatu kamili, na nahodha ameniambia hangoji mtu. Maji yakishuka hawezi kupita mlango wa Mkanda."

"Mai nayayua mwanangu," alisema Mwanamkisi, akacheka. "Nimezaliwa nayo."

Kutoka jikoni pake aliweza kuiona hori, mkono ule wa bahari, kupitia pengo la mikoko. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya juu. Lakini zilikuwa siku za bamvua, za maji makubwa ya mwezi, na maji ya bamvua yakianza kutoka hutoka kama mtu aliyekosewa.

Hesabu ya safari aliijua kichwani. Pikipiki ya Mwalimu ingechukua nusu saa mchangani mpaka gatini Mtangawanda. Boti ingefika Amu saa nne na nusu, halafu kuvuka Mokowe kuwahi basi la saa sita, lile la mwisho linalofuata msafara wa askari. Alfajiri ya kesho, Ijumaa, Swafwan angekuwa Mombasa. Saa mbili asubuhi angesimama uwanjani mbele ya kocha mmoja aliyesoma na Mwalimu Cherotich chuoni. Kocha alikuwa ameona video nne alizopigwa Swafwan kwa simu, akajibu kwa maneno machache: alete miguu Ijumaa, nawatazama kumi na wawili, nachukua wawili.

Hayo yalifika Jumanne, na tangu Jumanne mji haukuwa na mazungumzo mengine.

"Huko barazani ni vita," alisema Radhiya, jirani aliyekuja kusaidia kukanda. "Mmoja asema Swafwan atawalaza chali hao wa Mombasa. Mwengine asema wa kule wamelelewa kwa mayai na nyama, huyu wetu ni wa muhogo na dagaa, akipigwa bega moja tu ataokotwa. Na mwengine asema huyu ayua mchanga, apewe majani atateleza kama punda kwenye sakafu ya msikiti."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi nasema hao wote hawajafunga hata mlango."

Walicheka. Swafwan alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Siku sita za wiki alibeba mawe na saruji katika kazi za Bwana Hamdu, na siku ya saba aliichezea Mwangaza, timu ambayo mwenyekiti wake alikuwa ni huyo huyo Bwana Hamdu. Msimu huo Mwangaza ilikuwa imefunga mabao kumi na tisa. Kumi na manne yalikuwa ya Swafwan. Ilikuwa imebakia mechi moja, ya Jumapili, na Mwangaza ikifungwa ingeshuka daraja. Bwana Hamdu alitaka udiwani mwaka ujao, na picha yake ilikuwa imeshachapishwa kwenye jezi.

Kwa hiyo watu walitarajia angeizuia barua ya kumruhusu mchezaji wake aondoke. Hakuizuia. Jana jioni alikuja mwenyewe nyumbani, akaitia sahihi na muhuri juu ya paja lake, akampa Swafwan kwa mikono miwili. "Wewe ni mwanangu," alisema. "Ila hutatoka Siyu kama mwizi. Kesho asubuhi tukusomee Yasin moja, dakika kumi tu, uende na baraka." Na alfajiri ikaja gunia la unga, mafuta, buni na sukari kilo tatu. Sukari! Mwanamkisi alikuwa akinunua ya kufunga kwenye karatasi, ya chai moja moja, tangu bei ilipopanda tena baada ya mfungo. Mtu humwambia nini aliyemletea sukari?

Na kulikuwa na jambo jingine. Akiwa anaaga, Bwana Hamdu alisema wangewarehemu pia marehemu wa klabu. "Tumtaje na Bwana Amini," alisema. Amini alikuwa mume wa Mwanamkisi na golikipa wa kwanza wa Mwangaza. Alikufa miaka minne iliyopita gatini Mtangawanda, akiwa amelazwa juu ya mkokoteni, wakingoja maji yajae apelekwe hospitali. Tangu wakati huo hakuna mtu wa klabu aliyewahi kumsomea. Mwanamkisi alishukuru mara tatu.

"Tutamuweka mwisho," alisema Bwana Hamdu. "Golikipa husimama nyuma ya wote. Ndiyo heshima yake."

Saa mbili kasorobo wanaume walikuwa wamejaa ukumbi hadi dakani, kwenye baraza za mlangoni. Swafwan aliketishwa katikati, kanzu nyeupe, viatu vya safari vimefichwa chini ya paja. Ustadh Madi, mzee asiyejua habari ya ligi wala ya boti, alivaa miwani yake yenye kamba akaanza Yasin. Alisoma vizuri, kwa utulivu, kila herufi akiipa haki yake. Mwanamkisi alisimama nyuma ya pazia lililotenga ukumbi na ndani, akahisi nyumba yake imekuwa nyumba tena.

Yasin ikaisha saa mbili na dakika tano. Mwalimu Cherotich, aliyekaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa, alisimama akafunga kofia yake ya pikipiki.

Ndipo Bwana Hamdu akatoa karatasi.

"Tuwakumbuke waliotutangulia," alisema. "Kwa roho ya marehemu Bwana Mzamil, aliyenunua mpira wa kwanza wa klabu hii. Mnakumbuka? Aliuza mbuzi. Mkewe akamfungia nje siku tatu." Wanaume walicheka kwa huruma. "Al-Fatiha."

Mikono yote ikafunguka. Midomo ikasogea. Amina.

"Kwa roho ya marehemu Faki, winga wa kushoto..."

Kila marehemu alikuja na kisa chake. Mmoja alicheza mguu mmoja umefungwa khanga. Mwingine alizaliwa siku ya fainali. Bwana Hamdu aliwasimulia vizuri, kwa mapenzi, na wazee wawili walifuta macho. Hakukuwa na neno baya hata moja katika yote yaliyosemwa asubuhi ile.

"Mama Swafwan." Mwalimu Cherotich alikuwa amekuja mpaka mlango wa jikoni. "Saa mbili na robo. Hiyo list ina watu wangapi?"

"Wamebaki wachache."

"Swafwan awaambie tu anaenda. Wataelewa."

"Haambiwi mtu hivyo, Mwalimu. Wanatajwa wafu."

"Wafu hawana boti ya kushika."

Radhiya alishika mdomo. Mwalimu akasema pole, akarudi uani, akaanza kutembea kutoka ukuta hadi ukuta.

Mwanamkisi alilisogeza pazia upana wa vidole viwili. Swafwan alikuwa akitazama upande wake. Hakutazama saa ya ukutani, hakumtazama Bwana Hamdu, alitazama pazia. Mikono yake ilikuwa imefunguliwa kama ya wengine, lakini kisigino kimoja kilikuwa kikigonga mkeka.

Saa mbili na dakika ishirini na tano. "Amebaki mmoja," alisema Bwana Hamdu. Kisha akapiga paji la uso. "Astaghfirullah. Nimemsahau Fumo mshika bendera, na wale ndugu wawili wa boti iliyozama."

Hapo Mwanamkisi alielewa. Alielewa yote kwa mara moja, kuanzia sukari. Aligeuka akatazama pengo la mikoko. Mizizi ya juu ilikuwa imeachwa mikavu, na mstari wa tope ulikuwa umeanza kung'aa.

"Mwite," Radhiya alinong'ona.

Neno lilikuwa limeshafika kooni. Ilikuwa ni kusema "Swafwan" tu. Angesimama, na watu wangesema mama yake amekata dua mbele ya Ustadh, wangesema mwaka mzima, lakini angesimama.

"Sasa hivi," alisema Mwanamkisi. "Bado kidogo. Bado babake."

"Mwanamkisi."

"Miaka minne, Radhiya. Hata mara moja hawakumtaja."

Walisomewa ndugu wa boti. Akasomewa mshika bendera. Kisha Bwana Hamdu akakunja karatasi, akashusha sauti, akasema, "Na wa mwisho, ambaye damu yake imekaa hapa kati yetu." Alisimulia kisa cha Amini kudaka penalti na kidole kikiwa kimevunjika, akakataa kutoka uwanjani, akamaliza mchezo. Kisa kilikuwa cha kweli. Mwanamkisi aliketi sakafuni nyuma ya pazia, akalia kwa khanga mdomoni, na kwa muda ule hakukumbuka maji.

Amina ya mwisho ilisemwa saa tatu kasoro dakika kumi na mbili.

Swafwan alitoka mbio na kanzu yake. Pikipiki iliondoka kabla hajaketi sawasawa. Wanaume wakaletewa mahamri.

Walirudi saa nne na nusu. Pikipiki ilikuwa tope hadi kwenye ekseli, na Swafwan alikuwa amelowa hadi kifuani.

"Tuliiona," alisema Mwalimu Cherotich. "Ilikuwa hapo tu. Aliingia majini akaita. Nahodha alimpungia mkono, ati anamuaga."

"Hakuna nyingine?" aliuliza Radhiya. "Ya kukodi?"

"Hakuna ya kupita Mkanda mpaka jioni. Na basi liko saa sita."

Bwana Hamdu alitokeza mlangoni na kikombe mkononi. Alimtazama Swafwan, akatikisa kichwa kwa huzuni iliyokuwa karibu kuwa ya kweli.

"Ni kudura, mwanangu. Kheri yako iko hapa. Vua hiyo kanzu usije ukapata baridi, Jumapili twakutaka."

Akarudi ndani. Walimsikia akiwaambia wenzake, na mara mabishano yakaanza upya, yamechangamka kuliko jana: angeweza, asingeweza. "Wallahi mumemuokoa na aibu," alisema mmoja. "Mchezaji wa mchanga huyu. Kule angeteleza mbele za watu." Wakaangua kicheko.

Simu ya Mwalimu ililia. Aliitazama, akampa Swafwan. Sauti ya kocha ilisikika uani kote.

"Kijana, umepanda basi?"

"Hapana, kocha. Boti imeniacha. Nikija Jumamosi?"

"Aa, Jumamosi nitakuwa nimeshamaliza. Usijali lakini. Wapo wengi."

Swafwan alisema asante. Alimrudishia Mwalimu simu yake, akaifuta kwanza kwa sehemu ya kanzu iliyokuwa kavu. Mwalimu Cherotich alisukuma pikipiki yake nje bila kuiwasha.

Mama na mwana walibaki jikoni. Mwanamkisi aliona khanga kavu, akamtupia mabegani.

"Mama," alisema Swafwan. "Nilikuwa naangalia pazia."

Mwanamkisi aliiweka sawa khanga mabegani mwake.

"Ungeniita tu. Ningesimama."

"Walikuwa hawajamtaja babako."

Swafwan aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili. Hakukuwa na hasira usoni pake. Mwanamkisi aliitafuta hasira ile, angeipokea kama rehema, hakuiona.

Sauti ikaita kutoka ukumbini. "Bi Mwanamkisi! Mahamri yako yametushinda utamu! Kahawa imekwisha huku!"

Alilishika birika, akapanga vikombe kwenye sinia.

"Lete," alisema Swafwan. "Nitawapelekea mimi."

Alilichukua sinia kwa mkono mmoja na birika kwa mwingine, kanzu ikidondosha maji kwenye sakafu. Alipolisukuma pazia kwa bega akaingia, wanaume wote walinyanyua vichwa, na Bwana Hamdu ndiye aliyeanza kupiga makofi.