Ng'ombe wa Kufungulia Akaunti

"Mfumo unakataa, mama," kijana wa benki aliniambia. Beji yake ilisema anaitwa Byron.

"Mfumo ni nani? Niitie niongee naye."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti kile cha benki pale Lodwar mara tatu sasa, na kila mara mfumo ulikuwa na sababu mpya. Kwanza namba ya kadi yangu ya mkimbizi haikutoshea kwenye nafasi zake. Kisha wakataka pasipoti. Pasipoti ya nchi gani? Nilitoka Burundi nikiwa mgongoni mwa mama. Nimesomea kambini Kakuma, nimepata diploma ya uhasibu Eldoret, ninaishi na Mturkana na nimemzalia watoto wawili. Naweza kufunga hesabu za kampuni nzima, lakini siwezi kufungua akaunti.

Byron aliinama kidogo akashusha sauti. "Madam, njia moja ipo. Mgeni aliyeolewa na Mkenya tunamfungulia. Leta cheti cha ndoa. Kama mlioana kimila, barua ya chifu inatosha."

"Hiyo ungeniambia siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza hukusema umeolewa."

"Hukuuliza. Uliuliza pasipoti."

Nje, mume wangu Ejore alikuwa ameegemea lori la maji la kaunti analoendesha, anakula njugu. Aliniangalia usoni akaacha kutafuna.

"Wamekataa tena? Si nilikuambia mshahara upitie kwangu? Kwani mimi ni mwizi?"

"Wewe si mwizi. Lakini wewe si mimi."

Kazi yenyewe nilikuwa nimepewa na Jebet, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi karibu na steji. Kazi ya kweli, yenye mkataba. Sio zile za kambini, ambapo Mkenya na mkimbizi wanaketi meza moja, wanafanya kazi moja, kisha mmoja anapewa mshahara na mwingine anapewa kitu kinachoitwa motisha. Jebet alikuwa na sharti moja tu: mshahara uingie kwenye akaunti yenye jina la mfanyakazi mwenyewe. Aliwahi kulipa kupitia kwa mume wa mtu, wakaishia mahakamani.

"Mwisho wa mwezi, Immaculée," aliniambia. "Baada ya hapo nafasi nampa mwingine. Usinichukie."

Sikumchukia. Mwezi ule yeye ndiye mtu pekee ambaye sikumchukia.

Tulienda kwa chifu moja kwa moja. Alikuwa nje ya ofisi yake, anamkemea mtu kwenye simu. Alipomaliza alitusalimu vizuri.

"Ejok, Mama Natasha."

"Ejok, chifu. Nataka barua ya kusema huyu ni mume wangu."

Alimtazama Ejore. "Ng'ombe alichinjwa?"

Ejore alitazama viatu vyake.

Niseme kwa kifupi. Kwa Waturkana, mnaweza kuitana mke na mume mpaka meno yadondoke, lakini ndoa inakamilika siku bwana harusi anapopeleka ng'ombe dume nyumbani kwao bibi harusi na kumchoma mkuki hapo. Yote ya kabla ya hapo ni maongezi. Nilipochukuliwa na Ejore miaka sita iliyopita, baba yake aliahidi mifugo ya mahari na huyo dume. Kisha akamwambia baba yangu, Jean, ambaye hadi leo anakaa kambini Kakuma: "Wakimbizi hawaruhusiwi kufuga. Nikikuletea wanyama, utawaweka wapi? Wacha nikutunzie." Baba yangu ni mtu wa heshima. Alimshukuru. Tangu hapo wanyama wake wanakamuliwa na kuzaa katika boma la mtu mwingine, na yeye hajawaona hata kwa picha.

"Siwezi kuandika jambo ambalo wazee watanisuta," chifu alisema. "Nyinyi hamjaoana. Mnaishi tu."

"Miaka sita na watoto wawili, tunaishi tu?"

"Mnaishi vizuri," alijibu, na hakuwa ananidhihaki. Hapo ndipo damu ilinichemka.

"Washa lori," nilimwambia Ejore.

"Twende wapi? Lina maji ya zahanati."

"Zahanati iko njia hiyo hiyo. Tutashusha maji, kisha twende kwa baba yako."

Njiani nilimweleza Ejore mambo ambayo sitayaandika hapa. Alinijibu mara moja tu. "Ungetaka nigombane na mzee?"

"Nilitaka umkumbushe. Kukumbusha ni kugombana?"

Alibadilisha gia.

Boma la wazazi wake, ambako tulikuwa tumewaacha watoto asubuhi, liko nje ya mji, upande wa mto Turkwel. Mama mkwe wangu, Nakeno, alitutilia chai kabla hatujaketi. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake kivulini, anatafuna tumbaku. Nilimsalimu inavyotakiwa, nikauliza hali ya mifugo inavyotakiwa, nikanywa chai yote. Halafu nikasema.

"Baba, nimekuja kuomba ng'ombe wa ndoa achinjwe."

Alicheka. "Kwa ajili ya benki? Ejore alinipigia simu juzi akaniambia habari za benki."

"Kwa ajili yangu. Benki wana ng'ombe wao."

"Binti yangu, nilishasema. Kambini hakuna kufuga. Si mimi niliyeweka hiyo sheria, ni serikali."

"Ng'ombe wa kuchinjwa hafugwi, baba. Anafika asubuhi, mchana ameliwa. Ni sheria gani inayokataza watu kula nyama?"

Nakeno alikohoa ndani ya kikombe chake. Mzee alimgeukia mwanawe.

"Mke wako ana mdomo."

"Mimi si mke wake," nilisema. "Chifu amenieleza leo. Na kama mimi si mke wake, nyinyi mnajua kuliko mimi watoto ni wa nani. Mila ni yenu. Mahari haijatoka, dume hajachinjwa, basi Natasha na Elijah ni wa baba yangu. Magari ya Kakuma bado yako steji. Leo watalala kwa Jean."

"Immaculée, hatukuongea hivyo," Ejore alisema.

"Nyamaza. Umenyamaza miaka sita, leo ndio ukumbuke una sauti?"

Mzee aliacha kutafuna. Alimwangalia Natasha aliyekuwa anamfukuza mwanambuzi, mtoto ambaye jina lake la pili ni la mama mzazi wa mzee, jina ambalo mzee mwenyewe alilichagua. Sikuwa natania, na aliona kwamba sitanii. Ningewapeleka. Ningerudi kwenye foleni ya mgao na watoto wangu, niikose kazi, nianze upya, lakini nisingekaa Lodwar nikiwa mtu ambaye benki inasema si mwenyeji, chifu anasema si mke, na mume anasema leta mshahara wako.

Nakeno aliweka kikombe chini akasimama. Alimsemesha mumewe kwa Kiturkana, haraka, akidhani sielewi yote. Nilielewa. Alimwambia kwamba yeye hataenda kisimani kuulizwa na wanawake wajukuu wako wapi, ajibu kwamba wamechukuliwa na mzee anayekula mgao kwa sababu bwana wake mwenye mifugo yote hii alishindwa na dume mmoja. Alimwambia pia kwamba maziwa aliyokunywa asubuhi ni ya ng'ombe wa Jean.

Mzee alitema tumbaku pembeni.

"Yule mweusi mwenye pembe iliyopinda," alimwambia Ejore, bila kuniangalia. "Jumamosi. Na asiniletee tena habari za benki hapa."

"Na wale wa mahari?" niliuliza.

"Binti!"

"Wakae hapa, sawa, sheria ni sheria. Lakini chifu ataonyeshwa ni wepi, baba yangu akiwepo kwa simu."

"Ataonyeshwa," alisema Nakeno, kabla mzee hajafungua mdomo.

Jumamosi tulimpakia dume kwenye lori la kukodi tukaenda Kakuma. Askari wa kizuizi cha barabarani alichungulia nyuma.

"Mnaingiza mfugo kambini?"

"Tunaingiza chakula," nilimjibu. Alicheka akatupisha.

Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani katika joto lile. Ejore alimchoma dume mkuki mbele ya mlango wa baba, mbele ya majirani Wakongo, Wasomali na Wasudani Kusini waliopanda hadi juu ya mapipa ili waone. Nyaboth, jirani ambaye tumegombania bomba la maji tangu nikiwa msichana, alimzunguka dume aliyeanguka.

"Shemeji, mmoja tu? Kwetu mwanamume haji na ng'ombe mmoja. Wengine umewatuma kwa simu?"

Watu waliangua kicheko. Ejore alijipangusa jasho akasema wengine wako Lodwar.

"Wanafanya nini huko? Wamepata kazi?"

Baba mkwe hakucheka. Baba yangu naye alimshika mkono akamshukuru, kisha akamshukuru tena, kisha akaanza mara ya tatu. Nilimvuta kando.

"Baba, inatosha. Usimshukuru kwa kitu chako."

"Mwanangu, mtu mwenye adabu hushukuru."

"Mtu mwenye adabu hulipa."

Alinigusa shavu akarudi kwa wageni wake. Chifu, ambaye tulimbeba kutoka Lodwar ili ashuhudie na ambaye hakuhitaji kubembelezwa alipotajiwa nyama, aliandika barua pale pale, akagonga muhuri. Karatasi ilibaki na alama za mafuta.

Jumatatu niliipeleka benki. Byron aliisoma, akainusa kidogo, akaanza kuandika kwenye kompyuta. Aliuliza kazi yangu, mtaa wangu, simu yangu. Safari hii kila kitu kilikubali. Ejore alisimama nyuma ya kiti changu akiwa na shati lililopigwa pasi, anajibu maswali ambayo hakuulizwa.

"Mtu wako wa karibu, madam? Ukipatwa na jambo, pesa zije kwa nani?"

Ejore alitoa kitambulisho chake akakiweka mezani.

"Jean," nilisema. "Baba yangu."

Byron alituangalia sote wawili. Ejore alikichukua kitambulisho taratibu.

"Na mimi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Byron, jina hilo linaweza kubadilishwa baadaye?"

"Wakati wowote, madam. Hakuna malipo."

"Umesikia," nilimwambia mume wangu. "Jitahidi."

Kisha nikaomba kalamu, nikaweka sahihi.